Vyombo vya Kidijitali na Kampeni Bunifu za Kutetea Haki za Binadamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya vikundi vidogo vya Afrika Mashariki: kamati ya kijiji, chama cha wanafunzi, kikundi cha akina mama, wasaidizi wa kisheria wa kata. Mashirika makubwa yana mawakili na wapiga picha wao; vikundi hivi mara nyingi vina simu mbili na bando la wiki.

Kampeni inatofautianaje na kulalamika mtandaoni?

Kulalamika ni haki ya kila mtu, na hakuna anayepaswa kudharauliwa kwa kulalamika. Lakini lalamiko hugeuka kampeni pale linapomtaja mwenye wajibu wa kutenda, likasema waziwazi anatakiwa kufanya nini, na likabaki palepale mpaka jibu lipatikane.

Mfano tunaourudia mara nyingi ni wa Busia, Kenya, mwaka 2013. Msichana wa miaka 16, ambaye vyombo vya habari vilimpa jina la kubuni la Liz ili kumficha, alibakwa na kundi la wanaume na kuachwa na majeraha makubwa. Watuhumiwa waliokamatwa waliamriwa kukata nyasi katika kituo cha polisi, kisha wakaachiwa waende zao. Gazeti la Daily Nation lilipoifichua habari hiyo, ombi la mtandaoni lilifunguliwa kupitia Avaaz, jukwaa la kukusanya saini, likasainiwa na watu zaidi ya milioni moja, na waandamanaji wakalipeleka makao makuu ya polisi jijini Nairobi. Ombi halikusema “komesheni ukatili duniani.” Lilimtaka Inspekta Jenerali wa Polisi awakamate watuhumiwa na awachukulie hatua askari walioifanyia kesi mzaha. Mwaka 2015 wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15 kila mmoja.

Tunapenda pia kuonyesha kazi iliyofanywa na neno “nyasi” katika habari ile. Hata mtu asiyejua kifungu kimoja cha sheria alielewa papo hapo ukubwa wa dhuluma: mtoto ameharibiwa maisha, na adhabu ni kufyeka kiwanja. Kikundi kinachotafuta ujumbe wake kijiulize nyasi zake ziko wapi.

Je, kusambaa sana kwa ujumbe ni dalili kwamba kampeni imefanikiwa?

Si lazima. Machi 2012 shirika la Kimarekani la Invisible Children lilitoa filamu ya nusu saa iitwayo KONY 2012, kuhusu kiongozi wa waasi wa LRA, Joseph Kony. Ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki moja, jambo ambalo halijawahi kuonekana kwa filamu ya aina hiyo. Siku chache baadaye ilionyeshwa hadharani mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu waliopoteza ndugu na viungo vyao katika vita hivyo. Wengi walikasirika, mawe yakarushwa, na onyesho likavunjika. Waliona filamu inayomhusu zaidi mtengenezaji wake na mtoto wake wa Marekani, huku wao wenyewe wakiwa pambo la pembeni. Waliona pia sura ya mkosaji ikichapishwa kwenye fulana na mabango kana kwamba ni mwanamuziki. Waasi hao walikuwa wamekwisha kuondoka Uganda tangu mwaka 2006.

Kwa hiyo, kabla ya kurusha chochote, wasomeeni au waonyesheni wale mnaowasemea. Wakikunja uso, msirushe.

Ubunifu una kazi gani katika jambo zito kama haki za binadamu? Je, hautalifanya lionekane mzaha?

Swali hili huulizwa hasa na wazee na mawakili, na lina uzito. Jibu letu ni kwamba ripoti ya kurasa mia mbili humfikia anayelipwa kuisoma, ilhali ubunifu humfikia aliyechoka, aliyezoea dhuluma kiasi cha kutoiona tena.

Aprili 2023, Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni na mhadhiri wa chuo kikuu nchini Uganda, aliwaalika wananchi kushiriki “maonyesho” ya mashimo ya barabarani kwenye Twitter. Kila mtu alete shimo la mtaani kwake, kama wasanii wanavyoleta michoro yao ukumbini. Watu walileta mashimo yaliyojaa maji, mashimo yenye majina, mashimo yaliyopandwa migomba. Kejeli ilifanya kazi ambayo malalamiko ya miaka mingi hayakuifanya, kwa kuwa ilimgeuza kila mpiga picha kuwa msanii mwalikwa na kila shimo kuwa kielelezo chenye mahali na tarehe. Rais Museveni aliagiza Wizara ya Fedha itoe shilingi bilioni 6 za Uganda kwa ajili ya barabara za Kampala. Baadaye mtindo uleule ulitumika kwa hospitali za umma, ambako picha za wodi na simulizi za wauguzi zilihusu moja kwa moja haki ya afya, na mwaka 2024 ukatumika kufichua matumizi ya Bunge. Tazameni mpangilio huo: walianza na jambo ambalo karibu kila dereva alikubaliana nalo, watu wakazoea kusema, ndipo wakaingia penye moto.

Kenya nayo ilikuwa na Picha Mtaani, maonyesho yaliyoanzishwa na mpiga picha Boniface Mwangi baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Picha hazikutundikwa katika ukumbi wa kulipia; zilipelekwa barabarani, mji kwa mji, wapita njia wakasimama, wakalia, wakabishana. Mwaka 2012 michoro ya ukutani ikawaonyesha wanasiasa wa Nairobi kama tumbusi. Michoro hiyo ilikaa ukutani kwa muda mfupi, lakini picha zake zilizopigwa kwa simu ziliendelea kuzunguka mtandaoni.

Na tusisahau kwamba watu wa pwani walijua siku nyingi kuweka ujumbe mahali ambapo hauwezi kukwepwa. Jina la kanga, yaani msemo ulioandikwa juu yake, husomwa na anayetembea nyuma ya aliyeivaa, atake asitake. Kikundi cha akina mama kinachotetea haki ya mjane kurithi kinaweza kufikiria kanga kabla ya kufikiria video.

Tutumie lugha gani?

Tumieni lugha ambayo mwenye haki anaitumia akiwa na hasira. Mnamo Juni 2024, Muswada wa Fedha wa Kenya ulipopendekeza pamoja na mengine kodi ya ongezeko la thamani kwenye mkate na tozo ya asilimia 2.5 kwa mwaka kwenye magari, vijana hawakuishia kuandika “kataa.” Walikaa na maandishi ya kisheria, wakayafafanua kifungu kwa kifungu kwenye TikTok kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, wengine kwa lugha ya alama, programu ya kujibu maswali ikaundwa ili mtu aulize muswada unamgusaje. Mijadala ya sauti kwenye X, zamani Twitter, ilikusanya maelfu ya watu usiku kucha. Muswada uliokuwa mali ya wahasibu ukawa mazungumzo ya matatu na ya meza ya chakula, na tarehe 26 Juni Rais Ruto alitangaza kwamba hatausaini. Gharama yake haikuwa ndogo: Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu vifo 39 kufikia mwanzo wa Julai.

Nasi tuongeze tahadhari ya kilugha. Maneno kama “uwajibikaji,” “ushirikishwaji” na “uwezeshaji” yamechakaa kwenye mabango ya semina, na msikilizaji huyapita kama mlio wa feni. Semeni kilichotokea: nani alimfukuza nani kwenye shamba, siku gani, kwa karatasi ya nani.

Je, tuonyeshe sura na jina la aliyedhulumiwa?

Kwa mtoto na kwa manusura wa ukatili wa kijinsia, tusifanye hivyo. Kwa watu wazima wengine inategemea ridhaa, na ridhaa haimaanishi kutikisa kichwa mbele ya kamera. Mtu aambiwe picha itakwenda wapi, kwamba mwajiri, shemeji na mtoto wake wanaweza kuiona miaka kumi baadaye, na kwamba kuifuta mtandaoni hakuhakikishi kuwa imetoweka. Apewe siku ya kufikiri. Apewe nafasi ya kukataa bila kupoteza msaada aliokuwa anaupata, kwa kuwa mtu anayepokea unga kutoka kwa kikundi chenu hana uhuru kamili wa kuwaambia hapana.

Kuficha sura kwa ukungu hafifu hakutoshi. Funikeni kwa rangi nzito isiyopenyeka, kisha tazameni vingine vinavyomtambulisha: sare ya shule, mlango wa nyumba, kovu, sauti, jina la duka lililo nyuma yake. Tumeona video ambayo uso ulifichwa kwa uangalifu mkubwa, halafu mhojaji akamwita mama huyo kwa jina la mtoto wake wa kwanza mara nne, na kijiji kizima kikamjua kwa jina hilo.

Tupige picha na video namna gani ili zifae kama ushahidi?

Anzeni kwa kujua kwamba video ya tukio inathibitishwa kwa vitu vinavyolizunguka. Mwaka 2018 waandishi wa BBC waliichunguza video ya wanajeshi waliowaua wanawake wawili na watoto wao wadogo. Serikali ya Kamerun ilikuwa imekana kwamba tukio hilo lilitokea kwao. Wachunguzi waliilinganisha safu ya milima iliyoonekana nyuma na picha za satelaiti, wakapata mahali. Wakatumia majengo, njia na urefu wa vivuli kukadiria wakati. Baadaye wanajeshi walishtakiwa, na mwaka 2020 wanne kati yao walihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Mpigaji wa kawaida afanye hivi. Baada ya kulichukua tukio, azungushe kamera polepole kuonyesha mlima, mnara, kibao cha duka, njia panda. Asikatekate. Aitunze faili ya kwanza ilivyotoka kwenye kamera, bila kuipunguza wala kuiwekea muziki, na nakala yake nyingine ikae mahali tofauti. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa za ndani za wakati na mahali. Ikitumwa kama faili ya waraka huzihifadhi. Jambo hilo lina pande mbili: unapomtumia wakili unataka taarifa hizo zibaki, unapoiweka hadharani unataka ziondoke, zisije zikaonyesha nyumba uliyosimama ulipopiga.

Ziko pia programu za simu zilizotengenezwa kwa kazi hii. Ile ya eyeWitness to Atrocities hufunga pamoja picha, wakati na mahali ili mtu asiweze kudai imechezewa. Picha zilizopigwa kwayo zilitumika katika kesi ya mahakama ya kijeshi huko Kivu Kusini, Kongo, ambayo mwaka 2018 iliwatia hatiani makamanda wawili wa wanamgambo. Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa mwaka 2020 mwongozo wa kimataifa wa kuchunguza vyanzo vya wazi vya kidijitali, unaojulikana kama Itifaki ya Berkeley.

Simulizi na ujumbe mfupi navyo ni ushahidi, mradi vikusanywe kwa utaratibu. Januari 2008, vurugu zilipokuwa zinaendelea Kenya, Ory Okolloh na wenzake walijenga ndani ya siku chache ramani ya mtandaoni iliyopokea taarifa kwa ujumbe wa simu na kwa wavuti, wakaiita kwa neno letu wenyewe, Ushahidi. Mfumo huo umetumika tangu hapo katika nchi nyingi.

Sheria zinatulinda au zinatubana?

Zinafanya yote mawili, na kikundi kinachosoma upande mmoja tu kitaumia.

Upande wa ulinzi, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa Nairobi mwaka 1981, na Mahakama ya Afrika inayousimamia iko Arusha. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikubali mwaka 2012 kwamba haki anazokuwa nazo mtu nje ya mtandao zilindwe vilevile akiwa mtandaoni. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika Ibara ya 33, ingawa ulinzi huo hauihusu kauli ya chuki wala uchochezi wa vurugu. Katiba ya Tanzania inaulinda katika Ibara ya 18. Mahakama nazo zimefuta baadhi ya vifungu kandamizi: Kenya mwaka 2016 ilifuta Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, na Uganda Januari 2023 ikafuta Kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta.

Upande wa pili, Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo Kifungu chake cha 16 kinahusu taarifa za uongo, pamoja na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zinazowataka watoa huduma za maudhui wawe na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, iliyorekebishwa Oktoba 2025. Mei 2025, mtaalamu wa programu Rose Njeri alikamatwa Nairobi baada ya kutengeneza tovuti iliyomwezesha mwananchi kutuma kwa barua pepe pingamizi lake kuhusu Muswada wa Fedha, jambo ambalo Bunge lenyewe huliomba. Alishtakiwa chini ya sheria hiyo, na mwezi uliofuata mahakama ikaitupa kesi kwa kuwa shtaka halikukidhi matakwa ya sheria. Alishinda, lakini baada ya kulala mahabusu.

Kuna sheria nyingine ambazo vikundi vingi havizitumii kabisa. Kenya na Tanzania zote zina Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016. Kenya, ofisi ya umma inapaswa kujibu ombi ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Tanzania muda ni siku 30. Barua moja iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, ikawekwa mtandaoni pamoja na hesabu ya siku zilizopita bila jibu, ni kampeni inayojiendesha yenyewe.

Tujilinde vipi sisi tunaoendesha kampeni?

Akaunti ya kikundi isimilikiwe na mtu mmoja anayeweza kunyang'anywa simu. Wekeni uthibitishaji wa hatua mbili, nywila tofauti kwa kila akaunti, na ujumbe unaojifuta kwenye mazungumzo nyeti. Kikundi cha WhatsApp chenye watu mia mbili na hamsini kihesabiwe kuwa uwanja wa hadhara, hata kama jina lake lina neno “siri.”

Lakini hatari kubwa ukanda huu haiko kwenye skrini. Desemba 2024 vijana kadhaa wa Kenya waliokuwa wakiikosoa serikali mtandaoni, akiwamo mchora katuni, walitekwa, wakaonekana tena Januari 2025. Juni 2025 mwalimu aliyekamatwa Homa Bay kwa sababu ya chapisho kuhusu afisa mkuu wa polisi alifia mikononi mwa polisi Nairobi. Kila mwenye kusema hadharani awe na mtu wa kumjulisha anapotoka na anaporudi, namba ya wakili aliyoikariri kichwani, na familia inayojua ni shirika gani la kupigia. Anayeogopa apewe kazi ya nyuma ya pazia bila kuulizwa maswali mengi.

Intaneti ikizimwa tufanye nini?

Jiandaeni kabla. Mtandao wa X ulifungwa Tanzania Mei 2025, na siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti yenyewe ilikatwa. Kikundi kilichokuwa na orodha ya namba za simu kwenye karatasi, vipeperushi vilivyokwisha chapwa na makubaliano ya mahali pa kukutania hakikunyamazishwa sawa na kile kilichokuwa na hashtegi tu. Rekodini saa ambayo huduma ilikatika na iliporudi, kwa maana uzimaji wenyewe ni ukiukwaji wa haki unaofaa kushtakiwa.

Wasio na simu janja tutawafikiaje?

Redio ya jamii, ujumbe mfupi, kipaza sauti cha gulioni, mahubiri ya Ijumaa na ya Jumapili. Uganda ilipoweka Julai 2018 kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, masikini ndio waliotoka kwanza. Kipande cha sauti cha dakika mbili hula bando dogo kuliko video, na hupita vizuri kutoka simu hadi simu.

Tunaweza kutumia picha zilizotengenezwa na akili unde?

Kwa katuni au bango ambalo kila mtu anaona ni mchoro, ndiyo, na andikeni wazi. Kwa picha ya tukio, hata kidogo. Picha moja ya kubuni ya mwili barabarani itampa mkosaji ruhusa ya kuziita bandia picha zenu kumi za kweli.

Tutajuaje kwamba kampeni inasonga?

Fungueni daftari lenye safu ya madai na safu ya majibu. Barua imepokelewa? Mkuu wa wilaya amefika? Kesi imetajwa mahakamani? Mjane amerudi shambani? Idadi ya waliopenda chapisho iandikwe pembeni kwa penseli. Wakati mwingine safu ya majibu hukaa tupu muda mrefu: vijana wa LUCHA, vuguvugu lililoanzishwa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2012, walidai maji safi katika mji uliopo kando ya ziwa, wakakamatwa na kuachiwa, wakarudi tena na dai lilelile.

Kampeni ikiisha, picha na simulizi tulizokusanya tuzifanyeje?

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu ya kuendelea kuzishika. Rudini kwa waliowapa simulizi, muwaeleze kilichopatikana na ambacho hakikupatikana, kisha muwaulize upya kama wanataka simulizi zao zibaki. Zinazohitajika mahakamani mkabidhieni wakili kwa maandishi. Zilizobaki zifuteni kwenye simu zote, pamoja na ile ya yule kijana aliyejitolea miezi miwili akahamia mji mwingine.